Kompyuta msiisingizie, ugonjwa uko kwenye slaida

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake ilitoka humu hivi karibuni, yule aliyelalamika kwamba programu ya studio yake ya picha inaganda kila akigusa kile kitu cha kuongeza mwanga, akamalizia kwa kusema eti kompyuta za mtumba zipigwe marufuku kuingia nchini. Nilisoma nikacheka kidogo alafu nikanyamaza, maana mimi ni fundi wa programu hapa Morogoro na mwaka juzi nilimuuzia mama mmoja mwenye studio programu yenye ugonjwa huo huo, na kompyuta yake ilikuwa mpya kabisa, imetoka kwenye boksi na ile nailoni bado iko kwenye skrini. Kwa hiyo ndugu yangu, mashine yako usiiuze kwanza.

Kwa wasiojua jina, slaida ni kale kamstari kenye kifungo kinachoteleza, unakishika na mausi unavuta kulia sauti inapanda, ukivuta kushoto inashuka. Iko kwenye sauti ya kompyuta, kwenye mwanga wa skrini, kwenye programu za picha, kila mahali. Wa umri wangu mnaikumbuka redio kaseti yenye vile vijiti vya ikwalaiza vya kusukuma juu na chini, basi ni kitu hicho hicho ila hiki ni cha kuchorwa. Na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu kile kijiti cha redio kilikuwa kimeshikana na nyaya, ukisukuma umeme wenyewe unabadilika palepale, hakuna mtu wa kuitwa kuja kufanya kazi. Slaida ya kwenye kompyuta yenyewe haibadilishi sauti wala mwanga. Kazi yake ni kupiga kelele tu, nimesogea jamani, sasa niko 31, niko 32, niko 33, na ile kodi aliyoandika fundi (kodi ya programu, siyo ile ya TRA) ndiyo inayosikia kelele na kuamua cha kufanya.

Sasa fundi mgeni anadhani mtu akivuta slaida mara moja basi kelele nayo inapigwa mara moja. Hapana. Mausi ya kawaida ya USB inaulizwa na kompyuta uko wapi mara 125 kwa sekunde, zile za wacheza magemu mara 1000 au hata zaidi, kwa hiyo ukivuta slaida taratibu kutoka 0 mpaka 100 kodi yako inaweza kuitwa mara 100, namba kwa namba bila kuruka hata moja. Mteja yeye anajua amefanya kitu kimoja, ameongeza mwanga basi. Kodi imeona vitu mia.

Mimi nilitumia Python, lugha ya kuandikia programu, na Qt, ile maktaba ya kutengenezea madirisha na vitufe iliyotoka Norway mwaka 1995 na mpaka leo watu wanaitumia. Slaida yake inaitwa QSlider na inatoa signali kadhaa, ndizo hizo kelele ninazosema, lakini ile ambayo kila mtu anaanza nayo ni valueChanged, yaani thamani imebadilika. Video zote za mafunzo nilizoangalia zinaonyesha hiyo tu, unaiunganisha na fanksheni yako, yaani kipande cha kodi cha kufanya kazi hiyo, unavuta, namba inabadilika kwenye skrini, unajipigia makofi. Lakini kubadilisha namba kwenye skrini ni kazi nyepesi bwana, hata ukiifanya mara elfu hakuna anayesikia. Mimi kwenye valueChanged hiyo hiyo niliweka kazi ya kuchukua picha nzima, kuhesabu mwanga wake upya na kuionyesha. Nyumbani nilijaribu kwa picha za simu zilizopunguzwa, zile za kutumiana WhatsApp, ikaenda kama maji. Nikachukua laptopu na fleshi nikaenda kupokea malipo ya awamu ya pili.

Siku hiyo studio kulikuwa na bibi harusi amekuja kuchagua picha na amekaa na wifi zake wawili kwenye benchi. Picha zao zimepigwa na kamera ya megapikseli 24, yaani 6000 kwa 4000, pikseli milioni 24, yaani vidoti vinavyojenga picha, na kila pikseli ina rangi tatu, kwa hiyo kila slaida inaposema nimesogea kodi yangu inakwenda kuhesabu namba milioni 72. Dada wa kaunta akashika slaida ya mwanga akavuta. Kimya. Kifungo kikabaki pale pale, mausi imeshafika mwisho wa meza. Akavuta tena kwa hasira, kifungo kikaruka kutoka 100 mpaka 118 kikakaa, kikaruka tena, dirisha likawa na ukungu mweupe na juu yake Windows ikaandika kwamba programu haijibu. Wifi mmoja akasema, hii kompyuta ina virusi. Mama mwenye studio hakusema kitu, alinitazama tu, na mimi nikatazama feni.

Kwa nini inaganda dirisha zima na siyo ile picha peke yake? Kwa sababu kwenye Qt, na hata kwenye maktaba nyingine za madirisha kama Swing ya Java, Tkinter na Windows Forms, kazi zote za dirisha zinapita kwenye foleni moja na mhudumu ni mmoja. Kuchora kifungo kimesogea, kupokea klik, kufunga dirisha, wote wamepanga mstari kwa mhudumu huyo huyo, kama dirisha la tiketi stendi siku ya kuamkia sikukuu. Ukimpa kazi ya kuhesabu namba milioni 72 anaacha kila kitu anahesabu, na akikaa sekunde 5 bila kuitikia Windows inamtangaza kwamba hajibu. Kwa haki lazima niseme Windows yenyewe inajitahidi kusaidia, taarifa za mausi kusogea haizilundiki zote, programu ikichelewa inapewa mahali mausi ilipo sa hivi na zile za katikati zinapotea. Ndo maana kifungo kinaruka ruka badala ya kutambaa. Wengi wakiona kinaruka wanasema mausi mbovu, wananunua nyingine.

Lakini kuganda kulikuwa ni nusu tu ya aibu. Baada ya dakika moja picha ikatokea, na bibi harusi alikuwa mweupe kama karatasi. Uso hauonekani, shela haionekani, umebaki mdomo na macho. Dada aliomba mwanga uongezeke kidogo tu.

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu ni kosa ambalo nimeliona kwa mafundi wengi na wenyewe hawajui walifanyaje. Nilitumia Pillow, maktaba ya Python ya kushughulikia picha, ambayo kwenye mwanga inataka kipimo, 1.0 ni picha ilivyo, 0 ni giza totoro, 1.1 ni nyongeza ya asilimia 10. Slaida ikisema 110 mimi nampa 1.1, sawa kabisa. Ila picha niliyompa kila mara ilikuwa ile ile niliyotoka kuing'arisha sekunde iliyopita, sikuwa nimeweka pembeni picha ya asili. Kwa hiyo slaida ikipita 101 picha inazidishwa kwa 1.01, ikipita 102 ile iliyokwishazidishwa inazidishwa tena kwa 1.02, alafu 1.03, mpaka 1.10. Chukua kikokotoo uzidishe zote kumi, unapata kama 1.7. Umeomba asilimia 10 umepewa 70. Na ukirudisha slaida nyuma hairudi, inaendelea kuwa nyeupe mpaka ufike chini ya 100 ndo inaanza kupata giza, na hapo rangi zilizogonga dari ya 255, namba ya juu kabisa ambayo rangi inaweza kufika, zimeshapotea, hazirudi ng'o.

Na sasa msomaji mwenzangu sikiliza hapa, maana ndipo kesi yako ya mtumba inapoanguka. Picha inaharibika kadiri kodi inavyoitwa mara nyingi. Kompyuta nzee inachelewa, inaruka hatua, inaitwa mara tano tu, picha inapona kidogo. Kompyuta kali inawahi kila hatua, inaitwa mara zote kumi, picha inaungua. Yaani kosa langu lilikuwa linaumiza zaidi kwenye mashine nzuri. Yule mama angenunua kompyuta kali zaidi ningemharibia harusi nyingi zaidi.

Nilirudi nyumbani bila ile awamu ya pili.

Dawa ya kwanza ilikuwa rahisi, picha ya asili inakaa pembeni haiguswi, na kila hesabu inaanzia kwake. Ya pili nilijifunza kwa kutazama programu kubwa za picha zinavyofanya, mtu anapovuta huonyeshwi picha yote, unaonyeshwa kopi ndogo. Nikatengeneza kopi ya 900 kwa 600, hiyo ni pikseli laki tano na elfu arobaini, kama mara 44 pungufu kuliko picha nzima, na ile nafasi ya picha kwenye dirisha langu isingeweza kuonyesha zaidi hata kama ningetaka. Wakati mkono unavuta tunahesabu kopi, ikifika kuachia ndo tunahesabu picha kubwa. Na Qt inakupa signali mbili zinazofaa kabisa, sliderMoved wakati mtu anavuta, sliderReleased akiachia. Nikaunganisha. Kifungo sasa kinatambaa kama mafuta, picha inafuata mkono, nikaenda studio kifua mbele nikalipwa, tukanywa soda.

Wiki mbili baadaye simu. Fundi, mwanga haushiki.

Nikafika nikakuta mausi imekufa, waya umetafunwa na panya wa kweli, na dada wa kaunta kwa akili yake akaamua kutumia kibodi. Anapiga Tab mpaka slaida ichaguliwe, anabonyeza mshale wa kulia, kifungo kinasogea vizuri, namba inapanda, picha haibadiliki hata kidogo. Anasevu, inasevu ya zamani. Nikakaa pale nikawaza mpaka chai ikapoa. Kumbe sliderReleased maana yake ni kwamba kifungo kimeshikwa na mausi alafu kimeachiwa. Mshale wa kibodi haujashika kitu, utaachia nini? Hakuna sliderMoved wala sliderReleased pale, kuna valueChanged peke yake. Nikaazima mausi ya jirani wa stationery nikajaribu na mengine. Ukiklik kwenye ule mstari pembeni ya kifungo, kifungo kinaruka hatua 10, na hapo pia hakuna kuachia. Ukizungusha kile kigurudumu cha katikati ya mausi, hakuna. Yaani kuna njia nne za kusogeza slaida moja na mimi nilishughulikia moja tu, kisa mimi mwenyewe huwa navuta.

Na siyo suala la mausi kufa tu. Kuna watu wasioona wanaofanya kazi kwenye kompyuta kwa kusikiliza, wanatumia programu kama NVDA ambayo ni ya bure na imekuwepo tangu 2006, hao mausi hawana shughuli nayo kabisa, maisha yao yote ni Tab na mishale. Ukiandika programu inayosubiri kuachia umewafungia mlango na hutajua kamwe, maana hatapiga simu, ataondoka tu.

Kwa hiyo nikarudi kwenye valueChanged ile ile niliyoikimbia, maana ndiyo pekee inayosikia njia zote nne, ila safari hii nikaweka saa katikati. Inafanya kazi hivi. Kila slaida ikisema nimesogea, fanya kazi nyepesi palepale, namba na ile kopi ndogo, alafu washa saa ya milisekunde 200. Ikisogea tena kabla saa haijalia, irudishe mwanzo. Saa italia pale tu mkono utakapotulia sehemu ya tano ya sekunde, na hapo ndipo ufanye ile kazi nzito, mara moja. Kwenye Qt ni QTimer ya kulia mara moja, ukiiita start wakati inatembea inaanza upya yenyewe, mistari mitatu ya kodi. Nani asiyeijua hii maishani, unamsubiri mtu amalize kuongea ndo umjibu, haumkatizi kila neno. Nilijaribu milisekunde 500, dada akasema inajivuta. Nikajaribu 50, akivuta taratibu saa inalia katikati ya safari na kifungo kinakwama. 200 ndo ilikaa, kwenu inaweza kuwa tofauti.

Na ile hesabu kubwa yenyewe nikaitoa kwa yule mhudumu mmoja nikampa mwingine wa nyuma ya pazia, ili hata ikichukua sekunde moja dirisha liendelee kuitikia. Hiyo ina mambo yake siwezi kuyamaliza hapa, ila onyo moja, yule wa nyuma asiguse dirisha kwa mkono wake, atume jibu kwa signali na wa mbele ndo achore, vinginevyo programu itakufa siku ambayo hautegemei.

Mhariri nivumilie, kuna moja bado na hii ndiyo iliyoninyima usingizi. Kila picha ya mteja ilikuwa inakumbuka mwanga wake, 108 huyu, 121 yule, vimesevuliwa kwenye databesi ndogo. Ukibonyeza mteja mwingine kwenye orodha, mimi kwa usafi wangu nikawa kwanza narudisha slaida kwenye 100, alafu nafungua faili la mteja mpya, alafu naiweka slaida kwenye namba yake. Inaonekana heshima kabisa. Tatizo valueChanged haijali nani kasogeza, mkono wa mtu au kodi yako mwenyewe, yenyewe inapiga kelele tu, na pale ninaporudisha kwenye 100 mteja wa zamani bado ndiye yuko mezani. Kwa hiyo inasevu 100 kwa mteja wa zamani. Dada anarekebisha bibi harusi wa Jumamosi vizuri, anahamia kwa mwingine, wa Jumamosi amerudi giza. Akirudi kumrekebisha, huyu mwingine naye amerudi giza. Aliniambia hii programu ina jini na mimi sikuwa na jibu la kumpa, na kilichokuwa kinanichanganya zaidi ni kwamba siyo wote walikuwa wanaharibika. Baadaye ndo nikaelewa, Qt ukiiambia iweke 100 na tayari ipo 100 haisemi kitu, kwa hiyo wateja ambao hawajaguswa mwanga hawakuwa wanasevuliwa upya, wanaonekana wazima.

Hapo dawa ni kuifunga slaida mdomo kwa muda wakati kodi yenyewe ndiyo inayosogeza, kwenye Qt inaitwa blockSignals, unafunga, unaweka thamani, unafungua. Ila ukishaifunga mdomo hata ile namba iliyoandikwa pembeni haisikii, inabaki ya zamani, lazima uibadilishe kwa mkono. Na usisahau saa! Mimi nilisahau. Dada anavuta, kabla ya zile milisekunde 200 kuisha anabonyeza mteja mwingine, saa inalia, mwanga wa huyu unaenda kwa yule. Ukibadilisha mteja, kama saa inatembea, malizia kwanza kazi yake ndo uhame.

Wanaotumia vitu vingine msidhani mmepona. Kwenye Swing ya Java slaida ina swali moja zuri sana la kuiuliza, getValueIsAdjusting, inakujibu ndiyo kama mtu bado anavuta na hapana kama ameachia, na nimeshaona kodi nyingi za wanafunzi ambazo hazijawahi kuiuliza. Windows Forms yenyewe inakutofautishia, Scroll inasikika mtu akisogeza, ValueChanged inasikika yeyote akisogeza hata kodi. Na WPF, maktaba nyingine ya madirisha ya Windows, ina kituko chake, dirisha linapojengwa slaida inapewa thamani yake ya kwanza na inapiga kelele wakati lebo iliyo chini yake, yaani yale maandishi ya kuonyesha namba, bado haijazaliwa, programu inakufa kabla haijafunguka na fundi anakaa siku mbili anatafuta kosa kwenye mstari ambao hauna kosa. Chuoni kwetu tuliulizwa kwenye mtihani tueleze maana ya programu inayoendeshwa na matukio, nikapata zote kumi, na sikuwa nimewahi kuvuta slaida hata moja niliyoiandika mwenyewe. Hata hii safu yenu ya teknolojia, Mhariri, usikasirike, kila wiki ni simu mpya na kamera ngapi zina. Mtupe siku moja moja na vitu kama hivi, kwa Kiswahili, vijana wa vyuo wapo wanasoma.

Nimrudie msomaji wa studio. Kabla ya kumlaumu muuza kompyuta fanya haya, hayachukui hata dakika tano. Fungua picha ndogo ya simu uvute slaida, alafu fungua picha kubwa kuliko zote ulizonazo uvute tena, kama ndogo inateleza na kubwa inaganda basi fundi wako anahesabu picha nzima kila hatua. Vuta kwenda mbele na kurudi mara kumi alafu urudishe pale pale ulipoanzia, kama picha imebadilika sura basi hana picha ya asili, na hiyo acha kuitumia leo leo kabla haijakuharibia kazi za watu. Chomoa mausi utumie mishale. Alafu hama kwa mteja mwingine haraka haraka na urudi, uangalie kama namba zako zipo. Ukimaliza bonyeza Ctrl na Z mara moja, kama inabidi ubonyeze mara themanini ili kurudisha kitu kimoja ulichovuta, hiyo nayo ni ile ile, kila kelele ameiandika kama tendo zima badala ya kuhesabu kuanzia kushika mpaka kutulia kuwa tendo moja. Na haya yafanye kabla ya malipo ya mwisho, siyo baada, nasema hivyo mimi fundi mwenyewe na wenzangu watanichukia.

Kwa yule mama programu inaendelea mpaka leo, na kompyuta ni ile ile. Kosa la mwisho niliambiwa kwa bahati tu, nilipita kusalimia nikaona kile kigurudumu cha mausi kimefungwa plasta, ile ya kidonda. Nikauliza mausi imeumwa nini. Dada akasema slaida zako ziko nyingi kwenye ukurasa mmoja, nikizungusha kigurudumu nishuke chini kishale kinapita juu ya slaida ya mwanga, ukurasa unasimama na mwanga unaanza kupanda, nimeharibu pasipoti za watu watatu, nikaona nikifunge. Miezi minne alikuwa amekifunga hajaniambia! Nilirekebisha siku hiyo hiyo, slaida sasa haimsikilizi kigurudumu mpaka uwe umeichagua kwanza, vinginevyo inakiachia ukurasa ushuke. Nikamwonyesha, nikazungusha mbele yake, ukurasa ukashuka vizuri, mwanga haukugusika. Akasema sawa kaka, nimeona, asante. Juzi nimepita tena. Plasta ipo, na ni mpya.

Msomaji wenu,
Fundi wa programu, Morogoro.